Aiskrimu ya Mpemba haijathibitishwa na kwanta

Tangu mwaka 2024, kila zinapotoka habari za maabara ya kwanta (fizikia ya vitu vidogo kabisa kama atomu) zenye jina la Mpemba ndani yake, ujumbe unaozunguka kwenye simu ni ule ule: Erasto Mpemba, kijana wa shule ya Magamba, alikuwa sahihi, dunia imekubali, sayansi ya juu kabisa imethibitisha kwamba maji ya moto huganda kabla ya maji ya baridi. Nimeupokea mara tatu, mara moja kutoka kwa mtu aliyewahi kunifundisha. Furaha yake naielewa, maana si kila siku jina la Mtanzania linabandikwa kwenye jambo la maumbile na kutamkwa na wanafizikia wa Trieste (Italia), Innsbruck (Austria) na Kyoto (Japani) bila kutafsiriwa. Lakini ujumbe huo umekosea pale pa msingi. Katika majaribio yanayosifiwa hakuna maji yaliyoganda, na katika lile maarufu zaidi hakuna hata kitu kilichowekwa kwenye baridi. Kilichothibitishwa ni jambo jingine, na kwa maoni yangu ni zito kuliko suala la maji: kwamba jotoridi peke yake halikwambii nani atatangulia kufika kwenye utulivu, yaani hali ambayo kitu hakibadiliki tena, na kwamba kitu kilicho mbali zaidi na mwisho wa safari kinaweza kukipita kilicho karibu bila sheria yoyote ya themodinamiki, sayansi ya joto na nishati, kuguswa.

Hadithi yenyewe wengi wanaijua, ila husimuliwa nusu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye jokofu. Siku hiyo nafasi ilikuwa ya kugombea. Mwenzake akaweka ya kwake bila kuyachemsha. Mpemba, akiona atakosa trei, akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado uji mzito. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amejichanganya. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu mwingine akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likapata neno la kumtania. Kisha akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, na Mpemba akasimama mbele ya wote: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, maji ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, kilichoanza na nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Wenzake walicheka. Osborne hakuamini, lakini aliporudi chuoni alimpa fundi wa maabara kazi ya kujaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto kweli yalitangulia kuganda, akaongeza kuwa wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala yao katika jarida la Physics Education, na wakati huo kijana alikuwa ameshaingia kwenye masomo ya wanyamapori, nje kabisa ya fizikia.

Nusu isiyosimuliwa ni ile ya baada ya 1969. Maji yamekataa kutoa jibu moja. Maji ya moto hupungua kwa mvuke, kwa hiyo kinachobaki kuganda ni kidogo. Hewa iliyoyeyuka ndani yake hutoka yanapochemshwa. Chombo cha moto huyeyusha barafu ya chini yake na kugusana vizuri zaidi na sakafu ya friza, wakati cha baridi kinakaa juu ya tandiko la barafu laini linalozuia joto lisipite. Maji ya moto huzunguka ndani ya chombo kwa nguvu zaidi kuliko ya vuguvugu. Na juu ya yote, maji yana tabia ya kushuka chini ya nyuzi sifuri bila kuganda, halafu kuganda ghafla kwa sababu ya chembe ya vumbi au mkwaruzo kwenye kioo. Vyombo viwili vyenye maji yale yale, friza ile ile, vinaweza kuganda kwa nyakati tofauti kabisa. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilitangaza shindano la kutafuta maelezo bora, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Mshindi alipatikana, ubishi haukwisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya, wakapitia na vipimo vya wengine, na hitimisho lao likawa kali: hawakuona ushahidi wa kuaminika kwamba maji ya moto hufika nyuzi sifuri mapema, na kusogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kulitosha kuleta tokeo la uongo. Wapo waliowajibu kwamba kufika sifuri si kuganda, na jibu hilo lina haki yake. Lakini mtu mkweli akiulizwa leo kuhusu maji, atasema suala bado lina mgogoro. Hapo ndipo ujumbe wa simu unapotaka kwanta iingie kama hakimu. Haiwezi, maana kesi iliyo mbele yake ni nyingine.

Namna kesi ilivyobadilika ndiyo sehemu ninayoona haijaelezwa vya kutosha. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz waliyaweka maji pembeni kabisa. Waliuliza hivi: tuchukue mfumo wowote unaoruka kutoka hali moja hadi nyingine kwa sababu ya joto la mazingira yake, tuuanzishe mara mbili, mara moja ukiwa wa moto sana na mara moja ukiwa wa vuguvugu, tuuache upoe, je, kuna kitu katika hesabu kinachomzuia wa moto asimpite wa vuguvugu? Jibu likawa hakuna, mradi mfumo uwe na njia kadhaa za kutulia, nyingine za haraka na nyingine za polepole. Mfumo wowote unaorudi kwenye utulivu hubeba mchanganyiko wa mikengeuko, yaani tofauti kati ya ulivyo sasa na utakavyokuwa ukitulia: mingine huzimika mara moja, mingine hukokota. Anayechelewesha safari ni yule anayekokota. Ikitokea kwamba aliyeanza na joto kali ana kiasi kidogo cha mkengeuko huo wa polepole, au hana kabisa, atamtangulia mwenzake aliyeanza karibu na mwisho lakini akiwa ameubeba mzigo huo mabegani.

Miaka mitatu baadaye Avinash Kumar na John Bechhoefer, wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada, wakalionyesha jambo hilo kwa macho. Walichukua punje ya kioo yenye upana wa maikromita 1.5 (maikromita ni sehemu ya milioni ya mita), wakaitia kwenye maji, na kwa leza wakaijengea mabonde mawili ya nishati, moja lenye kina na jingine la juu juu, yakitenganishwa na kilima. Punje ikianza kwa namna ya mfumo wa moto, inaweza kuwa popote, hivyo katika marudio mengi inaangukia mabonde yote mawili kwa uwiano unaokaribia ule wa mwisho; inatulia humo, kazi imekwisha. Ikianza kwa namna ya mfumo wa vuguvugu, mara nyingi mno inakuwa imeshanaswa kwenye bonde lisilostahili, na lazima isubiri mitikisiko ya maji iirushe juu ya kilima, jambo linalochukua muda. Wakarudia mara elfu moja kwa kila mwanzo, wakapata upishano, yaani wa moto kumpita wa vuguvugu, ambao hakuna kipimajoto kilichosogezwa kuuleta. Maji ya jaribio hilo, tuseme wazi, yalikuwa ya joto la kawaida la chumba tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa nirudi kwa mwalimu wa Mkwawa, maana hoja iliyo nyuma ya jibu lake bado inarudiwa na watu wenye akili timamu, tena kwa kujiamini, ingawa kati ya hoja zote ndiyo dhaifu kuliko zote. Hoja ni hii: maji ya nyuzi 100 lazima yapite nyuzi 35 yakielekea sifuri, yakifika 35 yatakuwa sawa na yale yaliyoanza 35, tangu hapo yatahitaji muda ule ule, basi hayawezi kuyapita, maana yameshapoteza muda wa kushuka kutoka 100. Inaonekana kama hesabu ya darasa la tano, na ndiyo maana inavutia. Kasoro iko kwenye maneno “yatakuwa sawa”. Sawa kwa nini? Kwa jotoridi la wastani, labda. Lakini maji yaliyoshuka kutoka 100 yana mzunguko ndani yake, yana juu ya moto na chini ya baridi, hewa imetoka, ujazo umepungua. Nambari 35 inasema kitu kamili kuhusu kitu kilichotulia, ambacho kila sehemu yake ina jotoridi moja. Kwa kitu kilicho njiani ni muhtasari, kama wastani wa alama za darasa usiokwambia nani amefeli. Kanuni ya Newton ya kupoa, kwamba kasi ya kupoa hufuata tofauti ya jotoridi kati ya kitu na mazingira yake, ambayo mwalimu huyo bila shaka alikuwa nayo kichwani, hufanya kazi vizuri pale ambapo muhtasari huo unatosha. Haikuwahi kuahidi kwamba utatosha daima. Kwa hiyo mwalimu hakukosea kutilia shaka tokeo la maziwa. Alikosea kusema haliwezekani.

Ukiingia kwenye kwanta, swali linakuwa gumu zaidi, na kwangu ndipo utamu ulipo. Punje ya Kanada ilikuwa na maji ya kumwagia joto lake. Mfumo wa kwanta uliotengwa hauna mahali pa kumwaga chochote. Sheria zake zinarudi nyuma sawasawa na zinavyokwenda mbele. Ukiuanzisha katika hali moja iliyo kamili, utabaki katika hali moja iliyo kamili milele, na entropi yake yote, yaani kipimo cha mchafuko wake, itabaki sifuri. Sasa joto linatoka wapi? Mwanahisabati John von Neumann alilishughulikia swali hili mwaka 1929, na kwa miongo mingi lilibaki la wanafalsafa wa fizikia. Jibu tunalolitumia leo lilijengwa na Joshua Deutsch mwaka 1991 na Mark Srednicki mwaka 1994, likapewa nguvu ya hesabu za kompyuta na Marcos Rigol na wenzake mwaka 2008: usiutazame mfumo mzima, tazama kipande. Chembe zinapogusana, zinaingia katika mnasano, yaani hali ambayo huwezi kuieleza moja bila kumtaja mwenzake. Taarifa za mwanzo hazipotei. Zinatawanyika kwenye mahusiano ya chembe zote, na anayetazama kipande kidogo haoni tena chochote isipokuwa kitu kinachofanana na joto la kawaida. Mwaka 2016 kikundi cha Markus Greiner, Harvard, kilipima jambo hili kwa atomu sita za rubidi. Sita tu! Mfumo mzima ulibaki katika hali kamili, huku vipande vyake vikijiendesha kama vimetulia kwa joto. Sijui tokeo jingine linaloeleza kwa uchache wa vifaa namna hiyo kwamba joto si kitu kinachoongezwa kutoka nje, ni sura ambayo sehemu inaipata kwa kuwa sehemu.

Ila si kila mfumo unatulia. Mwaka 2006 Toshiya Kinoshita, Trevor Wenger na David Weiss walizipanga atomu za rubidi kwenye mistari myembamba, wakaziachia zigongane, na baada ya kila atomu kugongana maelfu ya mara hazikuonyesha dalili ya kutulia. Mifumo kama hiyo ina hesabu nyingi zinazohifadhiwa, yaani viasi visivyobadilika hata chembe zigongane vipi, nazo zinaizuia isisahau ilikotoka. Mjadala wa fizikia ya chembe nyingi kwa miaka hii ishirini umekuwa kwa kiasi kikubwa mjadala wa kusahau: nani anasahau, nani hasahau, na anayesahau anatumia muda gani. Ukiwa umelishika hilo, athari ya Mpemba, yaani kilicho mbali kukitangulia kilicho karibu, inaacha kuwa kioja cha jikoni. Inakuwa sehemu ya swali la mwendo wa kusahau.

Ndivyo walivyoliona Filiberto Ares, Sara Murciano na Pasquale Calabrese wa Trieste mwaka 2023. Fikiria mstari wa sumaku ndogo ndogo, zote zimeinamishwa upande mmoja kwa pembe ile ile. Kanuni zinazoziendesha hazipendelei upande wowote, lakini mwanzo umependelea, ulinganifu wa pande zote umevunjwa. Ukiuachia mfumo, kipande chochote cha mstari kitarudi polepole kwenye ulinganifu, kitausahau upande ulioinamiwa. Matarajio ya kawaida ni kwamba mstari ulioinama zaidi utachelewa zaidi. Hesabu yao ikaonyesha kinyume: ulioinama sana unaweza kurudi kwenye ulinganifu mapema kuliko ulioinama kidogo. Mwaka 2024 kikundi cha Innsbruck, Austria, kikalifanya kwa ioni 12 za kalisi (ioni ni atomu yenye chaji ya umeme) zilizonaswa kwenye mtego wa umeme, na upishano ukaonekana. Mwaka huo huo wanasayansi wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, wakaonyesha toleo la kinyume kwa ioni moja tu ya stronti: iliyoanza baridi zaidi ikapata joto mapema kuliko iliyoanza vuguvugu. Kwa mifumo ambayo hesabu zake hufanyika hadi mwisho, sababu imeshaandikwa vizuri: mwanzo uliovunja ulinganifu zaidi umeuweka mvunjiko huo kwa vibebaji vya kasi, yaani mitikisiko inayosafiri ndani ya mfumo ikibeba taarifa, ambavyo huondoka na kumbukumbu haraka, mwanzo uliovunja kidogo umeukabidhi kwa vibebaji vizembe.

Soma tena aya hiyo uone kilichobaki cha maziwa. Hakuna friza. Hakuna kuganda. Katika Innsbruck mahali pa moto na baridi pamekaliwa na kiwango cha kuvunjika kwa ulinganifu. Kwa hiyo anayesema kwanta imethibitisha aiskrimu anafanana na anayesema ngalawa imethibitisha ndege kwa kuwa vyote vina kitu kama mabawa pembeni. Na mwenye kumpenda Mpemba ajihadhari na utetezi wa aina hiyo, kwa sababu siku mpimaji makini atakapoonyesha tena kwamba maji ya kawaida hayapishani, watu wataona kwamba jengo lote limeanguka, wakati jengo halikusimama juu ya maji.

Upande wa pili kuna wanaosema jina la Mpemba linatumiwa kama tangazo tu: fizikia ya kwanta ina matokeo mengi ya kutulia kwa mwendo tofauti, na kuyaita hivi ni kutafuta vichwa vya habari. Hoja hii ina nguvu kuliko ile ya mwalimu, na nusu yake naikubali. Ukitaka upishano, unaweza kuutafutia kipimo. Umbali kati ya hali ya sasa na hali ya utulivu unaweza kupimwa kwa njia nyingi. Kwa kipimo kimoja mistari miwili inakatana, kwa kingine haikatani, na mwandishi wa makala ana uhuru wa kuchagua. Hata neno “moto zaidi” limeshabeba maana kadhaa. Lakini tatizo hilo limeonekana na limefanyiwa kazi na watu wa ndani. Mwaka 2024 John Goold na wenzake wa Trinity College, Dublin, walipendekeza kipimo chenye mizizi ya themodinamiki, nishati huru ya mfumo ulio nje ya utulivu: kitu kilicho na uwezo mkubwa zaidi wa kutoa kazi ndicho kilicho mbali zaidi, na kama ndicho kinachotangulia kutulia, hapo neno Mpemba lina haki ya kutumika. Mwaka 2025 Tan Van Vu na Hisao Hayakawa wa Kyoto wakaenda mbali zaidi kwa kutafuta ufafanuzi usiotegemea kipimo kimoja kilichochaguliwa. Na jaribio la Innsbruck halikutegemea kipimo kimoja. Walipima pia umbali wa moja kwa moja kati ya hali iliyopatikana na ile ya utulivu iliyotabiriwa. Tangazo halijisumbui hivyo.

Lililobaki ni dai kwamba haya yote yanavunja sheria ya pili ya themodinamiki, dai linalopendwa na vichwa vya habari kuliko na wanafizikia. Sheria ya pili inasema safari inaelekea upande gani, yaani kwenye utulivu. Haisemi itachukua muda gani. Mifumo yote miwili katika upishano inashuka. Nishati huru ya kila mmoja inapungua kwa kila hatua, hakuna anayepanda mlima bure. Ni kama yale ya 2025, pale Milton Aguilar na Eric Lutz wa Stuttgart walipoonyesha kwamba mashine ndogo zenye chembe zilizohusiana zinaweza kuvuka kikomo cha Carnot, yaani ufanisi wa juu kabisa wa injini inayotumia joto. Vichwa vya habari vikasema Carnot ameanguka. Lakini kikomo alichokieleza Sadi Carnot mwaka 1824 kinahesabu joto tu kama mafuta ya injini; ukiingiza mahusiano ya chembe kwenye tangi kama mafuta ya pili, lazima uyahesabu nayo, na ukishayahesabu sheria iko palepale. Mtu akikwambia amepata kazi ya bure kutoka kwenye kwanta, muulize nani aliandaa mwanzo.

Na hilo la kuandaa mwanzo ndilo linaloamua kama athari hii itakuwa na faida ya vitendo. Kompyuta za kwanta zina haja ya kurudisha kyubiti, vipande vyake vya msingi vya kubeba taarifa, kwenye hali tulivu mara kwa mara, na kila mpigo wa injini ndogo ya kwanta unasubiri mfumo utulie. Kwa wote wawili muda wa kutulia ni gharama. Kikundi cha Dublin kilionyesha kwamba katika mifumo waliyoichunguza unaweza, kabla ya kuuachia mfumo, kuuzungusha kwa makusudi mpaka mkengeuko unaokokota uondoke, hata kama mzunguko huo unauweka mbali zaidi na utulivu. Unarudi nyuma hatua mbili ili ukute barabara ya lami. Lakini umbali huo wa ziada ni nishati huru uliyoilipia, na mfumo utakapotulia nishati hiyo itakuwa imemwagika. Unanunua muda kwa kazi. Huenda biashara hiyo ikawa nzuri pale ambapo kusubiri kunaharibu taarifa. Pale ambapo kinachohitajika ni ufanisi wa nishati, sioni kwa nini mtu aifanye, na nashangaa makala zinazoisifu athari hii mara nyingi hazitaji bei hiyo hata kwa sentensi moja.

Kikwazo cha pili ni kikubwa zaidi. Ili uondoe mkengeuko unaokokota, sharti uujue. Kwa ioni 12, kila moja ikiwa na hali mbili, kuna hali za msingi 4,096, na jedwali linaloeleza mfumo mzima lina nafasi zaidi ya milioni 16. Kompyuta nzuri inaweza kulibeba. Kwa chembe 50 hali za msingi peke yake zinazidi trilioni 1,000, na jedwali lake halina kompyuta itakayolishika. Hapo nadharia inabaki na kanuni za jumla, na mifumo ile inayokubali hesabu hadi mwisho ni michache, tena ni ile ile isiyosahau kwa namna ya kawaida, kwa hiyo si mashahidi wazuri wa mifumo mingine. Kama njia ya haraka hubaki wazi chembe zinapoongezeka, au hujifunga kwa sababu mikengeuko mizembe inakuwa mingi kuliko unavyoweza kuiondoa, hilo litaamuliwa na mitego ya ioni na atomu baridi, si na karatasi. Kazi yenyewe haina makeke: kuandaa mianzo miwili, kuiachia, kupima kipande, na kurudia, kama alivyofanya fundi wa Osborne, ila safari hii bila mtu yeyote chumbani kujua mapema jibu sahihi ni lipi.